Kupatwa kwa mwezi 28 Agosti 2026: uani, kilimani au njia ya Bahi?

Kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025 kulitudekeza. Saa zilikuwa za chakula cha usiku, mwezi ulishapanda vya kutosha, na ilipofika saa 2:30 ukawa mwekundu wote. Aliyetaka kuuona alihitaji kufungua mlango tu. Huu wa Ijumaa, 28 Agosti 2026, hauji kwa upole huo. Unaanza alfajiri, huku mwezi ukiwa unashuka magharibi, na kilele chake ni saa 1:13 asubuhi. Saa hiyo sisi wa Dodoma tutakuwa tumeshaupoteza, maana mwezi unazama kwenye saa 12:40 hivi, dakika zilezile jua linapochomoza upande wa pili.

Kwa hiyo watu wananiuliza: nitazamie wapi? Wengine wananiambia wameshapanga kupanda kilima, wengine wanasema uani panatosha, na kuna jamaa anataka tukodi gari, Noah, twende magharibi hadi Bahi. Nimejaribu njia hizi zote kwa miaka tofauti. Nitazilinganisha, ila si kwa usawa, kwa sababu hazilingani.

Kwanza saa zenyewe, kwa majira ya hapa. Saa 10:24 alfajiri mwezi unaingia kwenye kivuli chepesi cha dunia. Usiamke kwa ajili ya hilo, jicho halitaona tofauti. Saa 11:33 kivuli kizito kinaugusa, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Adhana ya alfajiri itakuwa imetoka muda mfupi kabla. Saa 12 kamili theluthi ya upana wa mwezi itakuwa imemezwa. Saa 12:15, nusu. Unapozama, robo tatu na ushee. Kilele cha asilimia 93 tunawaachia watu wa Amerika, ambako mwezi utakuwa juu usiku.

Sasa nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Ngumi hiyo kutoka upeo wa macho kwenda juu ni kama nyuzi kumi. Saa 11:33 mwezi utakuwa umebakiza ngumi moja na nusu. Saa 12 ngumi moja. Saa 12:20, vidole vitatu vya katikati ukivilaza pamoja vitatosha kuziba nafasi iliyobaki kati ya mwezi na ardhi. Toka nje leo upande wa magharibi, kusini kidogo, upime kwa ngumi hiyo. Ukiona ukuta wa jirani, tangi la maji au mwarobaini unazidi ngumi moja, umeshajua nusu ya jibu.

Adui yuko chini, hayuko juu ya kichwa

Watu wakisikia hali ya hewa haitabiriki huangalia juu. Mwezi unaozama haujali kilicho juu ya kichwa chako. Wingu lenye kitako cha kilomita moja na nusu kutoka ardhini, ukiliona kwa kimo cha nusu ngumi magharibi, liko umbali wa kilomita 17 hivi. Likiwa chini zaidi, kwa kimo cha vidole viwili, liko karibu kilomita 30. Maana yake ni kwamba wingu litakalokunyima mwezi siku hiyo haliko Dodoma mjini. Liko magharibi ya mji, mbele ya Nala, linaelea kuelekea Bahi. Na mawingu yaliyotawanyika, ambayo ukiyatazama juu yanaacha mianya mikubwa, ukiyatazama kwa ubavu hupangana kama bati za paa, moja limelalia jingine. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama chini ya nyota kibao na bado asione mwezi.

Kuna habari njema. Agosti ni kiangazi hapa kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kati ya Juni na Oktoba mtu hufua nguo bila kuangalia mawingu. Lakini kiangazi cha Dodoma kina mambo yake mawili. La kwanza ni mawingu mepesi ya chini ambayo upepo wa kusini-mashariki huyaleta usiku wa manane wakati wa kipupwe. Mara nyingi yanakuja bila kunyesha tone, yanakaa hadi saa 3 au 4 asubuhi, kisha jua linayala. La pili ni vumbi, likisaidiwa na moshi wa watu wanaochoma mashamba na vichaka. Vumbi halizibi mwezi. Linaupaka rangi ya chungwa na kuufifisha, na ukishuka vidole vitatu unaweza kuyeyuka ukiwa bado hujazama. Wengine watasema hiyo ndiyo rangi nyekundu ya kupatwa. Hapana, hiyo ni ya vumbi letu. Utaiona hata mwezi mpevu wa kawaida ukizama mwezi wa nane.

Uani au juu ya paa

Nianze na chaguo ambalo watu hulidharau. Faida ya uani ni kwamba unaamka saa 11:25, unachungulia, na kama kumefunga unarudi kitandani bila hasara. Watoto wanaona wakiwa wamejifunika shuka. Jiko liko hapo, chai ipo. Kama nyumba yako ina ghorofa au paa la zege lenye ngazi, na magharibi yako ni wazi hadi nusu ngumi, sioni kwa nini uende popote.

Shida ni kwamba nyumba nyingi za Dodoma siku hizi zimebanana. Mtaa ambao miaka kumi iliyopita ulikuwa na miiba na mibuyu sasa una kuta za tofali pande zote. Mtu wa uani wa kawaida atapata kutoka 11:33 hadi labda saa 12 kasoro, yaani ataona mwezi ukianza kuumwa, kisha utajificha nyuma ya bati la jirani kabla haujafika nusu. Ni kama kuondoka harusini baada ya pilau kuwekwa mezani. Fanya jaribio: mwezi mpevu uliotangulia ulikuwa wa mwisho wa Julai. Kama uliuangalia alfajiri ukizama, ulijionea uani kwako panatoa dakika ngapi. Kama hukufanya hivyo, ngumi yako inatosha.

Kilimani

Dodoma imejaa majabali, na hili ndilo chaguo linalopendeza kwenye picha. Ukiwa kwenye vilima vya Chimwaga, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, jiji lote liko chini yako magharibi na mwezi unashuka juu ya taa zake. Kutoka juu unapata pia dakika moja au mbili za ziada, kwa sababu upeo wa macho unashuka unapopanda. Na hapo ndipo penye kitu ambacho mwaka huu kinanivutia kuliko kingine chochote: jua na mwezi uliopatwa vinaweza kuonekana kwa pamoja, kimoja mashariki na kingine magharibi, kwa dakika chache. Kwa hesabu za jiometri hilo lisingewezekana, maana dunia iko katikati yao. Ni hewa inayopinda mwanga na kuvinyanyua vyote viwili kidogo juu ya upeo. Ili uone hivyo unahitaji sehemu iliyo wazi pande zote mbili, na kilima ndicho kinachotoa hiyo. Kusema kweli, kwa vumbi la Agosti, sikupi hata nusu ya uhakika.

Lakini kilima kina kero zake. Upepo wa alfajiri huko juu si wa mchezo. Sweta moja haitoshi. Kupanda jabali gizani kunahitaji tochi na mtu anayeijua njia. Na vilima vingi vina wenyewe: mnara wa simu, tangi la maji, majengo ya serikali. Mei 2022, mwezi ulipopatwa, nilikuwa nimesimama kando ya uzio fulani alfajiri na begi mgongoni, mlinzi akaja na tochi usoni.

"Kijana, unatafuta nini huku saa hizi?"

"Shikamoo mzee. Natazama mwezi."

"Marahaba. Mwezi? Kwani kwako haupo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulimaliza vizuri, akaangalia na yeye, lakini nilipoteza dakika kumi nikijieleza wakati kivuli kinatembea. Ukichagua kilima, nenda mchana siku moja au mbili kabla, omba ruhusa, ujitambulishe.

Njia ya Bahi

Barabara ya Singida ikitoka mjini inakwenda magharibi, inapita Nala, inaendelea kama kilomita 60 hadi Bahi. Baada ya Nala nyumba zinapungua, vichaka vinakuwa vifupi, na magharibi inafunguka. Hili ndilo chaguo langu, na sababu si urefu wala giza. Ni kwamba unaweza kusogea.

Kilima ni kimoja. Ukishapanda umefunga ndoa nacho. Uani hivyohivyo. Barabarani, ukifika Nala saa 11 ukaona ukingo wa wingu umekaa magharibi, unaweza kuamua: kwa kuwa upepo unatoka kusini-mashariki, wingu linalokuja kutoka upande wa mjini litakufikia ukiwa mbele kwa kuchelewa, na kilomita 20 za lami ni robo saa tu au zaidi kidogo. Barabara ya mzunguko nayo inapita Nala na kuteremka kuelekea Matumbulu, kwa hiyo kuna njia ya kukwepea upande wa kusini pia. Sisemi utashinda kila mara. Wingu likiwa limetanda kutoka Kongwa hadi Manyoni, hata ndege isingekusaidia. Lakini kwa wingu la vipandevipande, anayesogea ana nafasi kuliko aliyekaa.

Usiende mpaka Bahi kwenyewe bila sababu. Kule ni bondeni, kwenye uwanda wa mbuga inayojaa maji ya mto Bubu wakati wa mvua, na mbele yake magharibi kuna ukingo wa Bonde la Ufa unaopanda kuelekea Kilimatinde na Manyoni. Ukingo wenyewe uko mbali, hauzibi sana, ila asubuhi ya baridi bonde linaweza kushika ukungu na moshi. Simama kabla, mahali palipoinuka kidogo kando ya barabara. Toa gari nje kabisa ya lami, washa taa za tahadhari, maana malori ya kwenda Mwanza na Rwanda hayalali. Usiende peke yako, na kama ni bodaboda, mkubaliane mapema kwamba anakusubiri. Dereva wa boda anayekuacha porini saa 11 alfajiri akasema "nakuja sasa hivi" anaweza kukugharimu kuliko wingu.

Kuhusu kwenda mbali zaidi, nina maneno machache. Mtera, kilomita kama 120 kwenye njia ya Iringa, ina maji mapana upande wa magharibi wa bwawa na inapendeza, lakini lazima ulale huko. Manyoni iko juu ya ukingo wa bonde na inakuongezea dakika nne hivi tu. Ukitaka kupata faida ya kweli ya kwenda magharibi ni Kigoma, ambako mwezi unazama kama dakika 25 baada ya hapa, karibu na kilele chenyewe. Wenzetu wa Dar es Salaam ndio wenye kilio: kwao unazama karibu robo saa kabla ya kwetu.

Nani wa kumwamini usiku wa Alhamisi

Nimewahi kudanganywa na programu ya simu iliyonionyesha jua kamili na mwezi mweupe, nikafika nje nikakuta blanketi. Kosa lilikuwa langu nusu: nilikuwa nasoma utabiri wa siku nzima, na siku nzima kweli ilikuwa ya jua. Alama ile ndogo ya jua haikuambii kuhusu saa 12 asubuhi.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania uutumie siku mbili tatu kabla kupata picha ya jumla: upepo wa kusini-mashariki una nguvu kiasi gani, na mawingu ya pwani na milima ya Morogoro yanasukumwa bara au la. Programu za saa kwa saa zina faida moja tu, kwamba zinakupa wingu la chini na la juu kwa kutenganisha. Soma la chini, na weka mahali pawe Bahi, si Dodoma. Kuanzia saa 10 alfajiri, achana na utabiri wote. Fungua picha za setilaiti ya Meteosat, zinazosasishwa ndani ya robo saa, uone wingu liko wapi na linaelekea wapi. Kwenye picha za usiku mawingu ya chini hayaonekani vizuri kama yale marefu ya mvua, kwa sababu joto lake linakaribiana na la ardhi. Hivyo jambo la mwisho ni kutoka nje na kuangalia nyota za magharibi kwa kimo cha ngumi moja. Zikionekana, washa gari. Zisipoonekana lakini za juu zinaonekana, huo ni ukingo wa wingu au vumbi. Hapo ndipo njia ya Bahi inaposhinda uani.

Vifaa, kwa ufupi

Macho matupu yanatosha, na hayadhuriki hata kidogo na kupatwa kwa mwezi. Darubini ndogo ya macho mawili inaongeza ladha kuliko pesa yoyote utakayotumia kwenye simu. Simu itakupa nukta nyeupe. Afadhali upige picha ya familia na mwezi ukiwa mdogo nyuma yao. Tahadhari ni moja: ikifika saa 12:35 jua linachungulia nyuma yako. Usigeuze darubini kulitafuta.

Usitegemee kuona wekundu. Mbingu itakuwa imeanza kuwa ya bluu, na sehemu iliyofunikwa itapotea kabisa ndani ya rangi hiyo, kana kwamba kipande kimekatwa na kutupwa. Kivuli kitaingilia juu, kwa hiyo kipande kinachong'aa kitabaki chini, kimelala chali kama bakuli, kikizama hivyohivyo. Mimi hilo la bakuli linanivuta kuliko mwezi mwekundu ambao kila mtu ana picha yake.

Au usubiri?

Swali hili ni la haki. Kupatwa kwa mwezi kikamilifu kutakuja jioni ya 31 Desemba 2028, mwezi ukichomoza ukiwa tayari umeanza kuumwa na kuwa mwekundu kati ya saa 1:16 na 2:28 usiku. Saa nzuri, mkesha wa mwaka mpya, kila mtu yuko nje. Lakini ni msimu wa mvua, na jioni za Desemba hapa ndizo zenye mawingu makubwa ya radi. Mimi singeweka matumaini yangu yote hapo.

Alfajiri ya 26 Juni 2029 ni nyingine kabisa. Nayo ni ya mwezi unaozama, tena kiangazi, lakini mwezi utafunikwa wote kuanzia saa 11:31, mbingu ikiwa bado nyeusi. Ikilinganishwa na 2026, hiyo ni bora, sitaki kukuficha. Ila ina mtego ambao niliuonja Mei 2022. Asubuhi ile mwezi ulifunikwa wote saa 12:29, dakika chache kabla ya kuzama. Mimi na yule mlinzi tulitazama ukingo wa mwisho wenye mwanga ukipungua, ukawa uzi, kisha hapakuwa na kitu. Mbingu ilikuwa safi, wingu halikuwepo, na mwezi ulikuwepo pale pale mbele yetu, lakini hatukuuona tena. Mwezi uliofunikwa wote hauna mwanga wa kushindana na alfajiri. Juni 2029 utapata nusu saa hivi ya wekundu kabla mwanga haujaumeza. Agosti 2026, kwa kuwa ni wa sehemu, kipande kinachong'aa kitaonekana hadi mwisho, vumbi likiruhusu.

Kwa hiyo mwenye magharibi wazi nyumbani abaki nyumbani. Anayetaka jua na mwezi kwa pamoja apande, na amsalimie mlinzi mapema. Mimi Noah nimeshaikubali. Tumeafikiana saa 10 na nusu kwenye kituo cha mafuta, shuka mbili, chupa ya chai ya tangawizi, na dereva ameshaambiwa kwamba huenda tukaishia Nala.